SERIKALI NI MWAJIRI: AFYA YA ASKARI NA HAKI YAKE YA KAZI

Na Afisa Uhusiano wa Jeshi

Mwezi wa Septemba 1986, wakuu wa nchi zisizofungamana na upande wowote walikutana mjini Harare, Zimbabwe. Serikali mpya ya Uganda ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja madarakani, na risasi zilikuwa bado zinalia katika baadhi ya sehemu za nchi. Huko Harare, Rais Fidel Castro wa Kuba alimpa Rais Yoweri Museveni habari nzito. Maafisa 60 wa jeshi la Uganda walikuwa wamepelekwa Kuba kwa mafunzo. Walipopimwa damu, 18 kati yao walikutwa na virusi vya UKIMWI.

Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu. Ni watu 3 katika kila 10. Hakuna kamanda anayeweza kupoteza watu 3 katika kila 10 bila adui kufyatua hata risasi moja, kisha akalala usingizi. Hawa hawakuwa makuruta; walikuwa maafisa waliochaguliwa na kutegemewa.

Jambo la kukumbuka zaidi ni lile lililofuata. Mnamo Mei mwaka huohuo wa 1986, Waziri wa Afya, Dakta Ruhakana Rugunda, alikuwa amekwisha kusimama mjini Geneva mbele ya Baraza la Afya Ulimwenguni na kutamka waziwazi kwamba Uganda ina UKIMWI. Wakati ule serikali nyingi ziliona ni fedheha kulitaja gonjwa hili, nazo zililificha kama mtu afichavyo tundu la paa lake mbele ya mgeni. Baada ya Harare, Serikali ilianzisha mpango maalumu wa kupambana na UKIMWI, na elimu ikapelekwa vijijini, shuleni na makambini. Mwaka 1987 wananchi wenyewe waliunda shirika la TASO la kuwasaidia wagonjwa. Mwaka 1992 Tume ya UKIMWI ya Uganda ikaundwa kwa sheria.

Tunaeleza historia hii kwa sababu ina fundisho kwa kila mtu aliyevaa sare. Serikali iliposema kweli juu ya maradhi, wananchi nao walipata ujasiri wa kusema. Lakini kusema kweli ni nusu ya wajibu. Nusu ya pili ni kumtendea haki yule ambaye ukweli huo unamhusu. Hapo ndipo penye swali la makala hii: je, Serikali iliyo mwajiri wa askari imtendee vipi askari wake aliyekutwa na virusi katika damu?

MWAJIRI ASIYEFANANA NA WENGINE

Askari ana mwajiri mmoja tu, naye ni Serikali. Mwajiri huyo ndiye anayempa mshahara, nyumba, chakula na silaha. Ndiye pia anayempa daktari, na jalada la afya ya askari hukaa katika ofisi ya mwajiri huyohuyo. Mfanyakazi wa kiwandani akiugua huenda hospitali, akarudi na kipande cha karatasi kinachosema apumzike siku 3. Bosi wake hajui zaidi ya hapo. Askari hana pazia la namna hiyo. Anayempima, anayempandisha cheo na anayemstaafisha wote wanapokea amri kutoka nyumba moja.

Kwa sababu hiyo, uwezo wa Serikali juu ya askari ni mkubwa kuliko uwezo wa mwajiri mwingine yeyote, na uwezo mkubwa hudai hesabu kubwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema kwamba haki za binadamu ni za asili, wala hazitolewi na Serikali. Inasema pia kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu akila kiapo na kuvaa gwanda anaziacha haki hizo langoni mwa kambi pamoja na nguo zake za kiraia. Askari hukubali kupunguziwa uhuru fulani kwa ajili ya nidhamu na usalama wa taifa, hakubali kudhalilishwa.

Ni haki vilevile kutaja hoja za upande wa pili, maana makamanda walioweka masharti makali hawakuwa watu wabaya. Katika miaka ya 1980 na 1990 dawa hazikuwapo, au zilikuwapo Ulaya na Marekani kwa bei isiyofikika. Aliyekutwa na virusi alihesabiwa kuwa njiani kuelekea kaburini. Jeshi lilijiuliza: litumie fedha kumfunza kuruta ambaye huenda asimalize miaka 10? Apelekwe mstari wa mbele mtu ambaye damu yake ikimwagika yaweza kumdhuru mwenzake anayemfunga jeraha? Maswali hayo yalikuwa ya halali. Kosa liliingia pale majibu ya mwaka 1988 yalipoendelea kutumika mwaka 2008, ilhali sayansi imekwisha kuyabadili maswali yenyewe.

HUKUMU YA NAMIBIA

Mfano wa kwanza watoka Namibia, nchi iliyopata uhuru wake mwaka 1990 baada ya vita virefu vya ukombozi. Mwananchi mmoja aliomba kujiunga na Jeshi la Ulinzi la nchi hiyo. Alipimwa, akaonekana mzima wa viungo na mwenye nguvu za kazi, isipokuwa damu yake ilikutwa na virusi vya UKIMWI. Akakataliwa kwa sababu hiyo moja. Hakukubali, alikwenda Mahakama ya Kazi.

Tarehe 10 Mei 2000 mahakama ilitoa hukumu iliyosomwa katika majeshi mengi ya Afrika. Ilisema kumkataa mtu kwa sababu ya virusi peke yake ni ubaguzi usio wa haki. Tena ilieleza jambo la kitaalamu ambalo kila mkuu wa kikosi angefaa kulijua: kipimo cha virusi peke yake hakimwambii daktari kama mtu anafaa au hafai kwa kazi ya jeshi. Yapasa kupima pia chembe za kinga zinazoitwa CD4, na wingi wa virusi katika damu. Mahakama iliamuru kwamba mwombaji akiomba tena, apokewe jeshini mradi chembe zake za CD4 zisiwe chini ya 200 na wingi wa virusi usizidi 100,000.

Tazama hekima ya hukumu hiyo. Haikuliambia jeshi lipokee mgonjwa asiyeweza kubeba bunduki. Ililitaka lipime uwezo wa mtu, kisha liamue kwa uwezo huo. Sisi askari tunaijua kanuni hiyo toka siku ya kwanza ya mafunzo: kuruta hupimwa kwa mbio, kwa shabaha na kwa uvumilivu, wala hapimwi kwa uvumi.

AFRIKA KUSINI NA ZAMBIA

Mwaka huohuo, tarehe 28 Septemba 2000, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua shauri la kijana aliyeomba kazi ya kuhudumia abiria katika Shirika la Ndege la nchi hiyo, shirika lililokuwa mali ya Serikali. Alikuwa amefaulu usaili, kisha akakataliwa baada ya kupimwa damu. Shirika lilidai kwamba abiria wangepoteza imani nalo na wangekimbilia kwa washindani wake. Mahakama ilijibu kwamba chuki na dhana za watu haziwezi kuhalalisha ubaguzi, ikaamuru kijana apewe kazi. Aidha ilikumbusha kwamba chombo cha Serikali, zaidi ya mwajiri mwingine, hufungwa moja kwa moja na Katiba.

Neno hilo lilifika makambini baada ya miaka 8. Jeshi la Afrika Kusini lilikuwa na utaratibu wa kuwakatalia wenye virusi kuandikishwa, kupelekwa nje ya nchi na kupandishwa vyeo. Chama cha askari, pamoja na watu waliodhurika na utaratibu huo, kilimshtaki Mganga Mkuu wa Jeshi na viongozi wa ulinzi. Tarehe 16 Mei 2008 Mahakama Kuu mjini Pretoria ilitamka kwamba utaratibu huo ulikuwa kinyume cha Katiba, na jeshi likatakiwa kuandika mwingine wa kuainisha afya za askari.

Nchini Zambia tatizo lilikuwa la namna nyingine. Watumishi wawili wa zamani wa Jeshi la Anga walieleza mahakamani kwamba walipimwa bila kuulizwa, na kwamba walipewa dawa za virusi bila kuambiwa wanatibiwa ugonjwa gani. Tarehe 27 Mei 2010 Mahakama Kuu iliyoketi Livingstone iliona kwamba kumpima mtu bila ridhaa yake ni kuvunja haki zake, ikaamuru walipwe fidia kwa mateso ya moyo waliyoyapata. Lakini mahakama haikuridhika kwamba waliachishwa kazi kwa sababu ya virusi, na dai lao katika sehemu hiyo likaanguka. Tunataja sehemu zote mbili za hukumu ili ieleweke kwamba sheria haipendelei upande. Hupima ushahidi, penye haki ya askari humpa, na penye haki ya jeshi hulipa.

Baadhi ya wenzetu huziona kesi za namna hii kama utovu wa nidhamu. Hasha. Askari aliyekwenda mahakamani kwa utaratibu, akangoja miaka, akakubali hukumu, ameonyesha nidhamu kubwa kuliko yule anayenung'unika kantini au anayetoroka na bunduki. Na jeshi lililotii hukumu limeonyesha kwamba liko chini ya sheria. Katiba yetu yenyewe inataka Jeshi la Ulinzi liwe la kitaifa, lenye nidhamu, na linalotii mamlaka ya kiraia.

MFICHA MARADHI

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yatupasa kuuliza ni nani anayemfundisha askari kuficha maradhi. Ikiwa askari anaona kwamba aliyepimwa jana ameondolewa leo katika orodha ya kozi, na kwamba karani wa zahanati amekwisha kulitangaza jina lake hadi jikoni, atafanya nini? Atakwepa kipimo. Atanunua dawa za vichochoroni, au atakwenda kwa mganga wa mbali akitumia jina la uongo. Virusi vitaendelea kuzaliana katika damu yake, na huenda vikafika kwa mkewe, na kwa mtoto aliye tumboni. Siku atakapoanguka kwenye paredi, maradhi yatakuwa yamekwisha kushika mapafu au ubongo, na gharama ya kumtibu itakuwa kubwa mara nyingi kuliko ya kidonge kimoja kwa siku.

Hivyo basi kazi ya haki na afya ya umma hazipingani. Anayedhani kwamba kumtendea haki mwenye virusi ni kuhatarisha kikosi, ameigeuza hesabu kichwa chini. Woga ndio unaohatarisha kikosi.

Sayansi imethibitisha jambo hilo kwa namna isiyoacha shaka. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi 9, zikiwamo Kenya, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, kwa jozi 1,763 za wapenzi ambamo mmoja alikuwa na virusi na mwenzake hana. Ilionekana kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizo kwa mwenzi kwa asilimia 96. Utafiti uliofuata ulieleza zaidi: mtu anayetumia dawa vizuri hata virusi vyake visionekane kwa kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likashauri kila anayekutwa na virusi aanze dawa mara moja, bila kungoja adhoofike. Kwa hiyo askari anayejulikana kwa daktari wake na anayemeza dawa kila siku ni salama kwa jamii kuliko kumi wasiojijua.

Itaulizwa: na damu ya vitani je? Hatari ipo, nayo haistahili kufichwa. Ndiyo maana kila mfuko wa huduma ya kwanza hupaswa kuwa na glavu, na kila damu ya kuongezewa majeruhi hupaswa kupimwa, kwa kuwa maradhi ya damu si UKIMWI peke yake; homa ya ini nayo imo. Aliyeguswa na damu yenye mashaka katika jeraha apewe dawa za kinga upesi iwezekanavyo, wala zisichelewe kupita saa 72, naye azitumie siku 28. Tahadhari hizo humlinda askari hata pale ambapo hakuna anayejua hali ya mwenzake, nasi tunajua kwamba katika uwanja wa mapambano hiyo ndiyo hali ya kawaida.

Umoja wa Mataifa nao ulilitambua jambo hili mapema. Tarehe 17 Julai 2000 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 1308, likihimiza nchi ziwape askari wao, hasa wale wanaokwenda kulinda amani, elimu, ushauri na upimaji wa hiari wenye siri. Uganda, ambayo ilipeleka askari wake Somalia toka mwaka 2007, inaijua maana ya azimio hilo. Mwezi Juni 2010 Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo namba 200, likasema kwamba kanuni za haki kazini kuhusu UKIMWI zawahusu wafanyakazi wote, wakiwamo wanajeshi na wengine wavaao sare.

SHERIA YA NYUMBANI

Hapa kwetu sheria imepiga hatua, lakini ina pengo ambalo askari anapaswa kulifahamu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ilikataza ubaguzi kazini kwa sababu ya rangi, dini, jinsia, ulemavu au virusi vya UKIMWI. Hata hivyo, ilipotungwa iliwaacha nje wanajeshi wa UPDF, ikawachukua watumishi wa kiraia wa jeshi peke yao. Maana yake ni kwamba mpishi wa kiraia na dereva wa kiraia katika kambi moja walipata ngao ambayo koplo anayewalinda hakuipata katika sheria hiyo.

Pengo hilo halimwachi askari mtupu. Katiba iko juu ya sheria zote, na vifungu vyake juu ya usawa, faragha na utu wa binadamu havikuwatenga wanajeshi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2014 nayo ilikataza ubaguzi kazini kwa sababu ya virusi. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, iliyoundwa na Katiba, inapokea malalamiko ya raia na ya askari, nayo ina uwezo wa kuamuru fidia. Majirani zetu wamechukua njia zao: Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2006, iliunda baraza maalumu la kusikiliza mashauri ya UKIMWI, Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008. Lingekuwa jambo jema Bunge letu, lenye wawakilishi wa jeshi ndani yake, lilitazame pengo hilo, ili haki ya koplo isitegemee huruma ya mkubwa wake.

NANI ATOE HESABU

Kutoa hesabu ni neno ambalo askari analielewa. Mlinzi wa ghala la silaha hukabidhi zamu kwa kuhesabu risasi. Ikipungua moja, hakuna anayelala. Serikali nayo inapaswa kuhesabu kwa namna hiyo juu ya afya za watu wake: dawa zilizoagizwa zilifika ngapi, zahanati za vikosi vya mpakani zina mpimaji au hazina, majalada ya wagonjwa yanafungwa kwa kufuli ya nani, na aliyenyimwa cheo au kozi kwa sababu za afya alielezwa kwa maandishi au aliambiwa tu kwa mdomo.

Na hesabu kubwa kuliko zote ni ya fedha. Mwezi Aprili 2001, mjini Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Nchi nyingi hazikufika huko. Dawa za virusi katika Afrika zikaendelea kununuliwa kwa sehemu kubwa na wafadhili. Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje, na kliniki nyingi barani zikatikisika kwa siku chache tu. Kila mwanajeshi aweza kulisoma fundisho hilo. Taifa linalonunua risasi kwa fedha zake na kungoja dawa za askari wake kwa fadhila za wengine, limeacha ubavu wake mmoja wazi.

Makamanda nao wana hesabu yao. Kanuni nzuri iliyoandikwa makao makuu yaweza kufia mikononi mwa sajini mmoja mwenye mdomo mwepesi. Mkuu wa kombania anayesoma majina ya wanaokwenda kuchukua dawa mbele ya paredi nzima, amebomoa kazi ya miaka 10 kwa dakika 5. Kinyume chake, kamanda anayekwenda kupimwa yeye kwanza, na kuisimamia siri ya watu wake kama anavyosimamia neno la siri la usiku, ameokoa maisha bila kufyatua risasi. Jeshi letu limepata kuwa na watu wa namna hiyo. Meja Rubaramira Ruranga alisimama hadharani akasema anaishi na virusi, katika zama ambazo maneno hayo yalikuwa sawa na kujitangazia kifo, na watu wengi walipata nguvu kwa kumsikia.

Mwisho, askari mwenyewe. Haki ya kazi haiji bila wajibu wake. Apimwe kwa hiari, ajue hali yake, ameze dawa bila kukosa, na amlinde mwenzi wake. Asitumie maradhi kuwa kisingizio cha kukwepa doria, wala asikubali maradhi yatumiwe kuwa kisingizio cha kumnyang'anya mkate wake. Akidhulumiwa, apande ngazi za malalamiko moja baada ya nyingine, kwa maandishi na kwa heshima, akiweka nakala ya kila barua.

Maafisa 18 wale wa mwaka 1986 waliugua katika zama ambazo taifa lilikuwa na ukweli peke yake wa kuwapa, dawa hapana. Leo dawa ipo na sheria ipo. Askari wa leo akifa kwa kuogopa kupimwa, Serikali, kamanda na daktari watapaswa kuulizwa kwa nini aliwaogopa.